Nukta na Maneno ya Watu

Jina lake halisi lilikuwa la siku ya mshahara tu. Siku nyingine zote aliitwa Nukta. Jina hilo alipewa mwaka ule ule alioingia katika nyumba ya kamusi, msichana mwembamba wa kupiga taipu, aliporudisha ukurasa mzima kwa mhariri wa siku hizo, mtu mzito mwenye sauti ya kukoroma, akamwambia kwamba mwisho wa mstari fulani pamekosekana nukta. Mhariri alitaka kumfukuza. Halafu akautazama ukurasa, akaona kweli haipo, akaitia kwa kalamu yake mwenyewe huku akinung'unika. Tangu hapo jina likamganda, naye hakulikataa. Wapo watu wameitwa majina mabaya zaidi kwa sababu ndogo zaidi.

Nyumba ya kamusi haikuwa nyumba. Ilikuwa vyumba vitatu vya ghorofani, juu ya duka la magodoro. Siku za joto harufu ya magodoro mapya ilipanda ngazi ikajaa ofisini, na baada ya chakula cha mchana kila mtu alisinzia na kila mtu aliisingizia harufu hiyo. Kuta zilijaa makabati yenye vidroo vidogo vidogo, na ndani ya vidroo mlikuwa na kadi. Kila kadi na neno lake la Kiingereza, maana zake kwa Kiswahili, na chini kabisa, kwa mwandiko wa kubana, asili yake: neno limetoka wapi, lilimaanisha nini hapo kale, limepita katika midomo ya nani mpaka kufika huku. Wasomaji wengi wa kamusi hawafiki kwenye mstari huo wa chini. Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyeishi kwa ajili ya mstari huo, naye waliokuwa wakifanya naye kazi walimwita Chimbuko.

Nukta aliolewa na Chimbuko, na hilo halikumshangaza mtu ila wao wawili.

Katikati ya chumba kikubwa palikuwa na meza ndefu, na kwenye meza hiyo palikuwa na desturi ambayo wageni waliiona ya ajabu. Hakuna ukurasa uliokwenda kwa mpiga chapa kabla haujasomwa kwa sauti. Aliyeuandika alisimama akausoma. Wengine waliketi, kila mmoja na nakala yake mbele yake. Aliyesikia kosa hakusema neno, hakukohoa, wala hakuangalia dari. Aligonga meza mara moja kwa kifundo cha kidole. Msomaji akanyamaza. Aliyegonga akasimama, akasema lililo sahihi, msomaji akafuta na kuandika upya papo hapo, na wote wakatia sahihi. Basi. Hakuna pole, hakuna samahani.

Desturi hiyo aliianzisha Chimbuko alipokuwa kijana mwenye nywele nyingi na subira kidogo. Alikuwa amechoshwa na ofisi ambazo makosa hurekebishwa ukumbini, mtu akishageuza mgongo. Alisema kumrekebisha mtu kwa siri ni kumdharau kwa adabu. Mezani kwake kila mtu aligongewa, bosi na mwajiriwa mpya, na Nukta mwenyewe aligongewa na mumewe wiki ile ile waliyotoka kufunga ndoa, mbele ya watu, kwa ajili ya wingi wa jina la ndege. Walikwenda nyumbani hawasemezani. Kufika mlangoni akacheka Nukta kwanza, kwa kuwa alijua wingi ule kweli ulikuwa umekosewa.

"Asiyegongewa ni mgeni," Chimbuko alikuwa akisema. "Mgeni unampa chai, unampigia makofi, anaondoka. Mwenzako unamgongea."

Na kweli walipokuja wakubwa kutoka ofisi za serikali, wakasimama mezani kusoma hotuba zao zilizojaa makosa mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyegonga. Walipewa chai.

Chimbuko aligongewa kama wengine. Nukta alimgongea mara zisizo na idadi, kwa sababu mume wake alikuwa mtu wa kusahau mkato na kufungua mabano asiyafunge. Lakini katika asili za maneno hakuna aliyewahi kumgongea. Hapo alikuwa hashikiki, naye alijua kwamba hashikiki, na kwa kuwa hakuna binadamu asiye na kidogo cha majivuno, alikuwa amejiwekea kiapo ambacho watu wote mezani walikijua.

"Siku nitakayogongewa asili," alisema, "siku hiyo kazi yangu imekwisha. Nitakwenda zangu nyumbani."

Kiapo hicho alikitamka akiwa na afya, na watu wenye afya huapa ovyo.

Nukta alijifunza kazi kwa kumsikiliza. Hakusomea popote, ila kwa miaka mingi alikula chakula cha jioni na mtu asiyeweza kupitisha tonge bila kueleza neno, na mwisho wa yote akawa mhariri kamili, mwenye kiti chake na rula yake ya chuma. Alisoma prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya chapa, kwa kuiweka rula chini ya mstari na kuishusha polepole, na akishamaliza aliurudia ukurasa kutoka chini kwenda juu, maana macho yakijua mstari unakokwenda hudanganya. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike. Wakati ana mimba yake, miguu imevimba, amelala na mito mitatu mgongoni, alimwuliza mumewe swali lililokuwa likimkera kazini: kwa nini Waingereza wakisema "man" wanamaanisha mwanamume, halafu papo hapo wanamaanisha watu wote. Huo ni uchoyo gani?

Chimbuko aliketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kumkanda miguu, akamweleza. Kwamba wazee wa Kiingereza hawakuwa wachoyo hivyo. Kwao "man" ilikuwa mtu yeyote, mume kwa mke. Mwanamume alikuwa na neno lake, "wer", na mwanamke alikuwa na lake, "wif". Na mara nyingine walisema "wifman", yaani mtu wa kike, na kutoka hapo likazaliwa "woman". Baadaye, pole pole, wanaume wakahamia ndani ya "man" wakaweka na vitanda, na "wer" yao ikafa. Imebaki ndani ya "werewolf" tu, yule mtu wa hadithi anayegeuka mbwamwitu.

"Huko ndiko kunakowafaa," Nukta alisema, akafumba macho.

Jioni hiyo hiyo alimweleza jambo la pili, ambalo Nukta alilipenda kuliko lile la kwanza. Kwamba "human" haina undugu na "man" hata kidogo. Mtu akiyaona hayo mawili yamekaa pamoja anadhani ni baba na mwana, kumbe yalikutana njiani. "Human" ilitoka kwa Warumi, kwenye neno lao la mtu, na wajuzi wengi hulihesabu katika ukoo mmoja na neno lao la udongo. Yule wa ardhini, kwa maana hiyo, tofauti na walio juu. Na sisi, Chimbuko alisema, tunasema binadamu, mwana wa Adamu, na huyo Adamu naye katika lugha ya kale jina lake linakaa jirani na neno la udongo. Watu wasiojuana, bahari na majangwa kati yao, na wote walipotafuta jina la kujiita waliinama wakatazama chini. Alisema hayo huku amemshika mguu uliovimba, na Nukta aliona wazi kwamba mume wake ana furaha. Kosa la kuyafanya maneno hayo mawili ndugu, alimalizia, ni kosa la wanafunzi wa mwezi wa kwanza. Akilisikia mezani atagonga mpaka meza ivunjike.

Miaka ilipita kama inavyopita kwa watu wenye kazi ya kurudia. Mtoto alikua, akawa muuguzi, akaolewa mji mwingine. Mhariri wa sauti ya kukoroma alistaafu, na kiti chake akakikalia kijana aliyeingia pale hajui hata kushika rula. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye miwani na kitambi, mhariri mkuu, lakini bado alimwita Chimbuko "mwalimu" na Nukta "mama". Kamusi kubwa ikakaribia mwisho. Kurasa hazikuandikwa kwa mpangilio wa alfabeti. Maneno mepesi yalikwenda kwanza, magumu yakawekwa kando, na yaliyowekwa kando kupita yote yalikuwa yale ambayo Waingereza hujiitia wenyewe: "man", "woman", "person", "people", "human". Chimbuko aliyafungia kwenye droo ya peke yake akayaita maneno ya watu. Wenzake walimtania kwamba maneno ya watu hayaishi, na mwenye busara hayatii maanani. Yeye alisema atayaandika mwisho, akishaelewa.

Halafu akaanza kupotea.

Mwanzoni yalikuwa mambo ya kuchekwa. Alifungua droo moja mara tatu asubuhi moja. Alieleza asili ya neno mezani nyumbani, akanawa mikono, akarudi akalieleza upya kwa furaha ile ile, na Nukta akasikiliza upya. Kisha yakawa mambo ya kutochekwa. Siku moja alichelewa kurudi, na Nukta alimkuta amesimama mbele ya nyumba waliyopanga zamani walipooana, anagombana kwa upole na watu wa humo, ambao nao walikuwa wapole, wamempa kiti. Alipomwona mkewe uso ulimchanua. Akawaambia wale watu, "Si niliwaambia? Huyu hapa mke wangu amekuja."

Nukta alimshika mkono wakaenda. Njiani alilia bila sauti, akitembea upande wa sikio bovu la mumewe.

Binti yao alikuja, akampima baba yake kwa maswali ya kihospitali, akamketisha mama yake jikoni. Hakuzungushazunguka. Alisema ugonjwa huu haurudi nyuma, na kwamba baba aache kazi sasa, kabla hajaaibika.

"Wewe anakujua?" aliuliza.

"Ananijua vizuri kuliko ninavyojijua."

Binti aliinuka akachemsha maji. Alimwosha baba yake miguu, akamkata kucha, akarudi kwa wagonjwa wake.

Kumwachisha Chimbuko kazi ilikuwa kama kumwambia avue ngozi. Nukta hakuthubutu. Badala yake alifanya jambo ambalo hakuwahi kudhani atalifanya: akaanza kumsahihishia mume wake kurasa kwa siri. Chimbuko alipoingia kuoga jioni, yeye alichukua kurasa zake, akaweka rula, akashuka mstari kwa mstari. Palipokosewa alirekebisha kwa kuigiza mwandiko wa mumewe, ile herufi ya kubana yenye mkia. Yeye aliyerudisha ukurasa mzima kwa ajili ya nukta sasa alikuwa mghushi, na kila alipomaliza alihisi amemwibia mtu aliyelala. Alijiambia ni kwa muda tu. Maneno ya watu yakimalizika, kamusi imekwisha, Chimbuko ataondoka kwa heshima zake zote.

Mhariri mkuu alikuwa ameshaona. Alimwita Nukta pembeni, kwenye kona ya makabati, akazungumza huku anasafisha miwani ambayo haikuwa chafu. Alisema wote wanajua, na wote wanampenda mwalimu. Walikuwa wamekubaliana, yeye na wenzake, kwamba hakuna atakayemgongea tena. Watamwacha amalize maneno yake kwa amani, wamfanyie sherehe, wampe zawadi, aondoke kichwa juu. Kama kuna kosa, watalirekebisha baadaye kimya kimya, yeye mwenyewe atalishughulikia. Nukta alishukuru, na alishukuru kwa moyo wote. Alipofika nyumbani ndipo alipokumbuka ni nani aliyesema kwamba kumrekebisha mtu kwa siri ni kumdharau kwa adabu, akasukuma sahani pembeni.

Hata hivyo mambo yalikwenda. "People" ilisomwa ikapita. "Person" ikapita, na ilikuwa nzuri ajabu: namna neno hilo lilivyokuwa kwanza kinyago cha mwigizaji, uso wa kuvaa, halafu yule anayeigizwa, mpaka mwishowe likawa mtu mwenyewe. "Man" na "woman" zikapita. Kila mara Chimbuko alisimama akasoma, kila mara Nukta aliketi na nakala aliyoisafisha mwenyewe, na wenzao wakatikisa vichwa kwa kusifu. Katika kurasa hizo hakuna mtu aliyegonga, na Chimbuko alikuwa akimaliza kusoma anabaki amesimama kidogo, kama mtu aliyebisha hodi.

Likabaki neno moja, "human".

Ukurasa wake Nukta aliukagua jioni ya kuamkia siku ya kusoma. Haukuhitaji kuguswa. Sijui ilitoka wapi nuru hiyo, lakini mzee aliandika kama zamani: Warumi, udongo, yote, kwa mistari michache isiyo na mafuta. Nukta alilala usingizi mzuri. Asubuhi Chimbuko alitangulia ofisini na jirani yao mwenye gari, maana Nukta alipitia kwa daktari kuchukua dawa za mumewe, na alipopanda ngazi za duka la magodoro alikuta watu wamekwisha kaa na nakala zimekwisha gawiwa.

Akauchukua ukurasa wake. Mwandiko ulikuwa mwingine. Ulikuwa wa Chimbuko, lakini umepinda na kupanda juu, mwandiko wa asubuhi hiyo. Alikuwa ameuandika upya wote.

"Nimelipata," Chimbuko alimwambia kutoka upande wa pili wa meza. Macho yalimng'aa. "Miaka yote hii, Nukta, na leo nimelipata."

Akasimama akasoma. Alisoma kwamba "human" ni mtoto wa "man". Kwamba "hu" iliyotangulia ni sauti tu ya watu wa kale, ya kuitana, hu, hu, na kwamba neno zima maana yake ni mtu anayeita. Alisoma kwa sauti iliyojaa, sauti ya siku zake njema, na ilikuwa ni upuuzi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nukta hakumtazama. Aliwatazama wenzake. Kila mtu mezani pale alikuwa amelijua kosa hilo tangu mwezi wake wa kwanza, na wengi walifundishwa kulijua na huyo huyo aliyesimama. Wote walikuwa wakitabasamu. Mmoja alikuwa amekwisha kumimina chai kutoka kwenye chupa, anaisogeza taratibu mahali pa Chimbuko. Mhariri mkuu alimtazama Nukta kupitia miwani yake, akatikisa kichwa kidogo sana: acha, mama, tutalirekebisha. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Upendo ulikuwa umejaa chumba kile mpaka ukakosa pa kukaa, na Nukta aliwachukia wote, na akajichukia mwenyewe kwanza, kwa sababu ni yeye aliyeanza.

Kama Chimbuko angemaliza akakaa, pengine mkewe angenyamaza. Nasema pengine, kwa kuwa yeye mwenyewe baadaye hakuwa na hakika. Lakini Chimbuko alipofika mwisho wa mstari ule wa asili alisita. Akaurudia. Akasoma tena, polepole, kwamba "human" ni mtoto wa "man", na safari hii sauti ilikuwa imepungua maji. Akanyanyua macho akawatazama mmoja mmoja kuzunguka meza, akafika mwisho, akaanza tena. Hakuwa akitafuta sifa. Nukta alikuwa ameishi na uso huo maisha yake yote ya utu uzima, na alijua unachosema. Chimbuko alikuwa amesikia. Hakujua kosa ni lipi, hakujua liko wapi, lakini sikio lake la kazi lilikuwa limesikia kitu kimevunjika, naye alikuwa amesimama pale anangoja mwenzake yeyote amgongee. Watu wakamtabasamia.

Akaanza kuusoma mstari kwa mara ya tatu.

Nukta aligonga meza.

Hakugonga kwa nguvu. Lakini chumba kizima kilishtuka, na chai ikamwagika kidogo kwenye sahani yake. Mhariri mkuu alifumba macho. Chimbuko alinyamaza, na mabega yake, ambayo Nukta hakuwa ameona kama yamepanda, yakashuka.

Akasimama kama desturi inavyotaka. Akaweka viganja mezani. Kisha akasema lililo sahihi. Alisema "human" na "man" si ndugu, wamekutana tu njiani. Alisema "man" ni ya wazee wa Kiingereza, nayo ilikuwa mtu yeyote, mume kwa mke, kabla wanaume hawajaihodhi. Alisema "human" ni ya Warumi, kutoka kwenye neno lao la mtu, na kwamba wajuzi wengi hulihesabu katika ukoo mmoja na neno lao la udongo. Ni yule wa ardhini. Na sisi, alisema, tunaosema binadamu, tukifuata jina hilo mpaka mwisho tunaangukia karibu na udongo vile vile. Watu wasiojuana waliinama wakatazama chini. Akaendelea mpaka mwisho, kwa sababu ukurasa ni ukurasa na mtu akisimama mezani hasemi nusu.

Alingoja. Alikuwa amemgongea asili, na kiapo kile kila mtu alikijua. Alikuwa tayari kwa hasira, hata kwa machozi. Alikuwa tayari amchukue mkono washuke ngazi pamoja, kazi imekwisha, na alijua angeweza kuishi na jambo hilo, kwa kuwa angalau mume wake angeondoka pale akiwa mmoja wao.

Chimbuko hakukasirika. Alikuwa amemsikiliza wakati wote huo ameinamisha kichwa upande wa sikio zima, kama alivyowasikiliza wanafunzi wazuri, ambao hawakuwa wengi. Uso ulikuwa umetulia kabisa. Akachukua rula, akailaza kwenye mstari wake, akaupiga kalamu kwa unyoofu, akaandika hapo juu yale aliyoambiwa, neno kwa neno, bila kukosa hata moja. Alipomaliza akamtazama mkewe kwa heshima kubwa.

"Ndivyo hasa," alisema. "Nani amekufundisha?"

Nukta aliutafuta utani kwenye macho yale, maana mume wake alikuwa mtani mkubwa. Alitafuta kwa muda mrefu. Yale macho yalikuwa ya upole, na safi, na yalimtazama kama yanavyotazama mtu aliyekutana nawe leo na amependezwa nawe.

"Mume wangu," alisema.

Chimbuko akaitikia kwa kichwa. Akampa kalamu atie sahihi, kwa mikono miwili.

"Mwambie amekufundisha vizuri."

"Nitamwambia," Nukta alisema, akaipokea kalamu, akatia sahihi.